Kweli, Uongo, Bado: daftari la mwalimu mmoja wa Matiliku

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida, lile jeusi la jalada gumu linalouzwa katika kila duka la vitabu kutoka Emali hadi Wote. Limevalishwa karatasi ya kaki, na juu yake pameandikwa neno moja kwa wino mzito: HABARI. Hukaa kwenye meza ya pembeni katika chumba cha walimu cha shule moja ya msingi ya umma, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka soko la Matiliku, kati ya birika la chai na sanduku la chaki. Nilikuwa nimeketi karibu nalo nikimsubiri mtu aliyeahidi kunieleza kuhusu bei ya ndengu. Nikalifungua. Mambo ya ndengu yakabidi yangoje.

Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu, ukagawika safu tano. Tarehe. Habari. Imetoka wapi. Nani amethibitisha. Safu ya tano haina kichwa, ila ndiyo inayosomwa kwanza na kila anayeingia kutoka darasani. Humo huandikwa neno moja kati ya matatu: Kweli, Uongo au Bado. Kweli na Uongo huandikwa kwa wino. Bado huandikwa kwa penseli ili iweze kufutwa siku jibu likija. Kuna mahali karatasi imekonda kwa kufutwafutwa. Kuna mahali pengine penseli imefifia yenyewe, hakuna aliyewahi kuigusa.

Mwenye daftari ni mwalimu wa cheti cha P1 ambaye amebakiza muda mfupi kufika miaka 60 ya kustaafu. Aliomba nisimtaje jina wala shule yake, nami naheshimu ombi lake. Wenzake humwita Mwalimu tu, na walimu vijana wa sekondari msingi humwita Mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi. Alipoanza kazi, Makueni ilikuwa ingali sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilijitenga mwaka 1992. Anakumbuka hati za malipo zikitoka Nairobi zikiwa karatasi, walimu wakizifuata wilayani mwisho wa mwezi, na nyaraka zikisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa asubuhi. Habari zilichelewa, anasema, lakini zilifika zikiwa na mhuri. Siku hizi zinafika kabla hazijatokea.

Alilianzisha daftari hilo Aprili 2024. Tarehe 17 mwezi huo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilitoa uamuzi kwamba Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kama wanagenzi. Wasomaji wanakumbuka hali ilivyokuwa: vijana waliohitimu, wenye nambari za usajili, wakifundisha sekondari msingi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Jioni ya siku ile, simu za walimu zilijaa. Ujumbe mmoja ulisema wanagenzi wote wamefutwa. Mwingine ulisema wote wameajiriwa kwa kudumu. Wa tatu uliwataka wapeleke nakala za vyeti Wote kesho yake, kabla ya saa nne. Mwalimu mmoja kijana alikopa nauli akaenda. Hapakuwa na mtu wa kumpokea wala aliyejua anachokizungumzia.

"Alirudi akaketi hapo ulipoketi wewe, mwanangu," Mwalimu aliniambia. "Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia."

Kesho yake alinunua kaunta buku kwa pesa zake.

Mstari wa kwanza ni uamuzi wa mahakama: Kweli, wino. Wa pili, kwamba wote wamefutwa: Uongo. Wa tatu ndio ulionishika, kwa sababu unaendelea kurasa kadhaa kama mto wa mchanga wa Ukambani, unapotea juu huku maji yakiendelea chini kwa chini. Unasema: wanagenzi kuajiriwa kwa kudumu. Mbele yake, Bado. Mwezi Mei wanagenzi waligoma, habari ikaandikwa upya: Bado. Bajeti ikatenga fedha za kuwaajiri, kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukaangushwa na maandamano ya vijana mwezi Juni, na hakuna aliyejua fedha zile zingetoka wapi: Bado. Mwishoni mwa Agosti chama cha walimu cha KUPPET kikaitisha mgomo, na suala la wanagenzi likiwa miongoni mwa madai: Bado. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu na yenye malipo ya uzeeni. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akafuta kila penseli na kuandika wino. Kazi hiyo ilimchukua kipindi kizima cha chai, na vijana walisimama nyuma yake wakimtazama akiifanya.

Nilimuuliza anajuaje kipi ni kweli. Kwanza huangalia tarehe: waraka ulioandikwa Jumapili humtia shaka. Pili, nambari ya kumbukumbu, ambayo huilinganisha na ya waraka uliotangulia. Tatu, na hili analiona kubwa kuliko yote, hutazama nani anaandikiwa. Tume huwaandikia wakurugenzi wake wa kaunti, nao huteremsha kwa kaunti ndogo, kwake hapa ikiwa Nzaui, kisha kwa walimu wakuu. Barua inayowaruka wote hao ikamwangukia mwalimu moja kwa moja, tena ikimtaka atume hela kidogo ili faili lake la uhamisho lishughulikiwe, hiyo haipewi hata heshima ya penseli. Huiandika Uongo pale pale, kisha huwatafuta walimu wawili watatu ambao anajua wamechoka kukaa mbali na watoto wao, awaambie ana kwa ana. Hao, anasema, ndio wanaotapeliwa.

Hatimaye humpigia simu afisa wa kusaidia mtaala wa zoni, yule ambaye zamani tulimwita mshauri wa TAC. Naye asipojua, Mwalimu husubiri. Kusubiri huko ndiko kunakomgombanisha na wenzake, kwa kuwa kila mtu anataka jibu leo.

Habari za mishahara huzishuku kuliko zote. "Ya kutisha tunaipima," alisema. "Ya kupendeza tunaimeza." Yeye ni mmoja wa walioingia mgomoni Oktoba 1997, serikali ikaahidi nyongeza kubwa iliyochapishwa rasmi katika gazeti la serikali, kisha ikalipa awamu ya kwanza na kusimama. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2003 walilazimika kwenda mahakamani Nakuru kudai pensheni iliyokokotolewa kwa nyongeza ile. Walishinda mwaka 2008, na wengi wao walifariki wakiwa wangali wanazungushwa. Kwa hiyo mkataba mpya wa mishahara wa 2025 hadi 2029 ulipotiwa sahihi Julai 2025, vijana walipiga makofi. Yeye aliandika Kweli mbele ya kutiwa sahihi. Mbele ya kulipwa kwa awamu zote aliandika Bado, na itakaa hivyo hadi awamu ya mwisho iingie benki.

Hadi hapo nilidhani nimeelewa daftari lile ni kitu gani. Ndipo akaligeuza juu chini na kulifungua kutoka nyuma.

Upande huo una kichwa tofauti: NANI ANA NINI. Si habari tena, ni mali. Au tuseme ni ukosefu wa mali uliopangwa vizuri hadi ukafanya kazi ya mali. Nanukuu kwa ruhusa yake, bila majina ya shule. Hadubini moja, sekondari ya jirani, lenzi kubwa ina ufa, irudishwe Ijumaa. Mwongozo wa mwalimu wa Kilimo, Gredi ya 8, nakala mbili, moja haina kurasa za katikati. Tufe la dunia, halina kishikio, likalishwe kwenye bakuli. Printa inayofanya kazi, wino uje nao. Kipimamvua, kizima. Fundi seremala karibu na soko, huwaruhusu watoto kushika randa, ila waje wachache wachache. Fundi wa kuchomelea vyuma, huyo hapana, karakana yake si salama kwa watoto. Mama anayesuka vyondo, huja shuleni mwenyewe, isipokuwa siku ya soko.

Kila kinachoazimwa kina tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na sahihi mbili.

Ili kuelewa uzito wa orodha hiyo, mkumbuke mwalimu wa sekondari msingi anafanya nini. Gredi ya 7 ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, ambazo hazikujengwa zikiwa na maabara. Masomo yamepunguzwa hadi 9, lakini walimu katika shule nyingi za mashambani hawafiki idadi hiyo. Hapa, kijana aliyesomea Kiswahili na Dini chuoni ndiye anayefundisha Kilimo pamoja na masomo ya utangulizi wa ufundi. Maazimio ya kazi anayapata kwenye simu, mengine kutoka kwa wafanyabiashara wanaoyauza, na anayalipia mwenyewe. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Kwa yule wa shule ya msingi ni 1,420. Mwaka 2003, elimu ya bure ilipoanza, ulikuwa 1,020. Hesabu ya sukari na unga kwa miaka hiyo yote msomaji ataifanya mwenyewe.

Vishikwambi vilivyoletwa chini ya mpango wa kidijitali wa 2016 vipo katika stoo ya shule hii. Betri zimekufa. Daftari limeviandika pia, kwa kuwa Mwalimu haachi kitu nje ya hesabu, na mbele yavyo ameweka maneno: kasha lake hufaa kuhifadhia vitabu.

Nilibahatika kuona hadubini ikisafiri. Mwalimu wa Sayansi Jumuishi, kijana aliyekuwa mwanagenzi hadi ile Januari, aliifunga kwa leso ya mke wake, akaitia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akapanda bodaboda akiwa ameipakata. Barabara ya kutoka sekondari ile hadi shuleni ina makorongo. Alimwomba mwendeshaji aende polepole, na mwendeshaji, ambaye mtoto wake yuko Gredi ya 9 katika shule hiyohiyo, hakuhitaji kuombwa mara mbili. Darasani watoto walipanga foleni hadi nje ya mlango. Kila mmoja alipewa muda mfupi wa kutazama ngozi ya kitunguu. Msichana mmoja aliinua kichwa, akatazama kile kipande cha kitunguu kwa macho yake matupu, akainama tena kwenye lenzi, kisha akamuuliza mwalimu kama na ngozi ya mkono wake imepangwa vile. Mwalimu alimjibu kwamba nayo imejengwa kwa seli, ingawa umbo lake ni tofauti. Msichana hakutoka kwenye foleni. Alirudi mwisho wake ili atazame tena.

Ufa wa lenzi uliwasumbua. Waliuzoea.

Nimefikiria sana ni kwa nini kazi hii inafanywa na mtu mmoja asiyelipwa kwa ajili yake. Katiba, katika kifungu cha 237, imeiunda Tume kuwasajili walimu, kuwaajiri na kuwasimamia. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ina masomo na vitabu vyake mtandaoni, na ni vizuri kwamba vipo. Tathmini ya utendakazi wa mwalimu hujazwa mtandaoni pia. Lakini bando anayotumia mwalimu kufikia yote hayo ni ya mfukoni mwake. Mwalimu ananiambia kuna miezi ambayo hununua bando kabla ya kununua mafuta ya taa. Sioni haki katika hilo, na sijamsikia mtu yeyote akilitetea hadharani.

Mwalimu wa Sayansi Jumuishi amependekeza daftari lihamishiwe kwenye simu, kila shule ya zoni iweze kulisoma na kuandika humo. Mwalimu hajakubali wala hajakataa. Anaogopa mambo mawili: kwamba wasio na bando watafungiwa nje, na kwamba kila mtu akiwa na uwezo wa kuandika Kweli, neno hilo litakwisha thamani. Kijana anamjibu kwamba akistaafu kabla hajamfundisha mtu, daftari litaishia kwenye stoo pamoja na vile vishikwambi. Walibishana mbele yangu kwa adabu, kila mmoja akimmiminia mwenzake chai, na hawakufika mwisho.

Kabla sijaondoka aliniomba nifikishe maswali mawili, kwa kuwa mimi, alisema, ninaandika mahali panaposomwa na wakubwa. La kwanza ni kama afisa wa zoni anaweza kupewa fedha za mawasiliano na siku moja ya kila wiki ya kujibu maswali ya walimu, ili uvumi uzimwe hapa hapa Nzaui badala ya mtu kukopa nauli. La pili ni lake mwenyewe: mwalimu anayestaafu sasa hivi, akiwa amewasilisha makaratasi yake yote kwa wakati, anapaswa kungoja muda gani kabla ya kupata pensheni ya kwanza?

Ameshaanza kuwauliza waliomtangulia. Kila mmoja amempa jibu tofauti. Anataka jibu lenye mhuri.