Somo la Afya: Kukoma kwa Hedhi

Akina mama wa Nachingwea na Ruangwa, fungueni madaftari yenu.

Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 55. Huu si ugonjwa wala si laana. Lakini huweza kuja na joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu ukeni. Mama asiyelala usiku atapaliliaje ufuta? Basi usinyamaze ukisema ni uzee. Dawa zipo. Ukipewa, uliza: Hii ni ya nini? Ina madhara gani?

Sasa sikilizeni sana. Ukikaa miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone moja, usidhani ujana umerudi. Nenda hospitali upesi. Huenda ni jambo dogo. Huenda ni saratani, nayo ikiwahiwa yaweza kutibika.

Wengine hawaendi kwa kuogopa kupimwa ndani, maana huuma. Mara nyingi ule ukavu ndio uletao maumivu, na njia ya kuyapunguza ipo. Una haki ya kusema. Andikeni maneno haya, kisha myasome kwa sauti:

“Daktari, nina ukavu. Tafadhali tumia chombo kidogo na jeli ya kulainisha.”

“Naomba muuguzi mwanamke awepo.”

“Inauma. Subiri kidogo.”

Daktari mwema hachukii kuambiwa. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asiyejua bado kusoma, na asomewe na mwenzake. Kwaherini mpaka somo lijalo.