Kusafisha Maganda ya Risasi: Ipi Njia Iliyo Bora?



Mtu asafiriye kutoka Chalinze kwenda Segera hupita Mkata, na hapo ndipo hugawanyika njia ya kwenda mjini Handeni. Nchi hii ilipitiwa na vita. Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Smuts, yalishuka kwa kufuata mto Pangani, yakaingia Handeni, na tarehe 24 ya mwezi huo yakapigana na Wajerumani penye mto Lukigura, upande wa kusini. Askari walipita, lakini vitu vyao havikwenda vyote pamoja nao. Basi si ajabu jembe la mkulima kugonga kitu kigumu chenye kutu ya kijani, nacho kikawa ganda la risasi.

Ganda la namna hiyo aliniletea mwanafunzi wangu mmoja. Lilikuwa tupu: mdomo wazi, na fataki ya kitakoni imekwisha kugongwa. Akaniuliza, "Mwalimu, nitalisafishaje lipate kung'aa?" Nami kwa haraka nikamjibu, "Litie katika maji ya ndimu usiku kucha, na asubuhi ulisugue kwa mchanga." Akafanya kama nilivyomwambia. Aliporudi, ganda lilikuwa lang'aa kweli. Lakini rangi yake imekuwa nyekundu-nyekundu, si manjano tena, na herufi na tarakimu zilizopigwa kitakoni zimefifia hata hazisomeki. Alama hizo ndizo zingalituambia ganda lile lilitengenezwa wapi na mwaka gani. Kijana alifurahi, mimi niliona haya, kwani nilikuwa nimemfundisha kung'arisha, sikumfundisha kusafisha. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo nitakayoeleza leo.

Kwanza, ganda lenyewe ni nini? Risasi nzima ina sehemu nne: kipande cha mbele kirukacho, baruti, fataki iwashayo baruti, na ganda lililozishika zote tatu. Ganda hufanywa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Katika maganda mengi kila sehemu 100 za mchanganyiko huo huwa na shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Shaba hii ina tabia njema: baruti ilipukapo, ganda hutanuka likaziba nafasi yote ndani ya bunduki, moshi na moto usipate kurudi usoni mwa mpigaji, mara likarudi nyuma kidogo, likaweza kutolewa. Kwa sababu hiyo ganda lililokwisha pigwa laweza kujazwa tena. Marekani na Ulaya wako wawindaji na walenga shabaha wengi wafanyao hivyo, na ganda moja hutumika mara nyingi kabla ya kuchakaa. Kwetu Tanzania bunduki na risasi hushikwa kwa leseni, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2015, wala kutengeneza risasi si kazi ya mtu yeyote apendaye. Lakini elimu ya kusafisha shaba ni yetu sote, kwa kuwa sinia, dele la kahawa, kitasa na kengele ya shule ni ndugu wa ganda hilo.

Mkoa wetu wa Tanga una hadithi ya kweli inayofaa hapa. Mwezi wa Aprili mwaka 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga, imejaa bunduki na risasi. Manowari ya Waingereza Hyacinth ikaifuata na kuipiga, na meli ikazama katika maji machache. Wajerumani walizamia, wakaopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilitoka baharini zikionekana nzima. Lakini kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi nyingi zikakataa kulia. Haikuwapo njia nyingine ila kuzifungua zote, kusafisha baruti, na kubadili fataki kwa zile zilizopatikana. Askari na wapagazi walikalishwa huko Moshi na mahali pengine kutoka asubuhi hata jioni, miezi mingi, wakifanya kazi hiyo tu. Hata baada ya taabu yote hiyo, risasi zilizopewa askari wa vitani zilikuwa za namna ambayo katika kila 20 kama 4 hazilii. Waliopigana nazo walijua maana ya kuvuta kidole bunduki ikanyamaza. Somo lake ni hili: uzuri wa nje haukuwaambia habari ya ndani.

Sasa tuzitazame njia za kusafisha, moja baada ya moja, tuzipime kwa maswali matatu. Je, yaondoa uchafu, nje na ndani? Je, yaiacha shaba na nguvu zake? Je, haimdhuru mwenye kusafisha?

Njia ya kwanza ni maji ya moto na sabuni. Hii ni nyepesi na ya salama kuliko zote. Huondoa mafuta, udongo na sehemu ya masizi. Haiondoi madoa meusi wala kutu ya kijani, wala haileti mng'ao. Lakini haikuli shaba hata kidogo, na kila njia nyingine hufaa ianze na hii.

Njia ya pili ni vitu vichungu: ndimu, ukwaju au siki. Hii waijua bibi zetu wa pwani, ambao tangu zamani hung'arisha vyombo vya shaba kwa ukwaju. Uchungu huyeyusha kutu na madoa, na kazi huisha upesi. Kosa langu halikuwa katika ndimu, bali katika usiku kucha. Uchungu ukikaa muda mrefu huacha kula kutu ukaanza kula zinki iliyomo katika shaba. Hapo rangi nyekundu hutokea, nayo ni dalili ya kuwa uso wa chombo umedhoofika. Kwa hiyo maji ya ndimu yachanganywe na maji mengi, chombo kikae dakika chache tu huku kikitazamwa, kisha kisuuzwe katika maji safi mara mbili au tatu na kukaushwa. Uchungu uliobaki katika pembe huendelea kula polepole, ijapokuwa mwenyewe amekwisha sahau.

Njia ya tatu ni kusugua kwa mchanga, msasa au nyuzi za chuma. Njia hii huleta mng'ao upesi, na hasara yake ni ya upesi vilevile. Mchanga hauondoi uchafu peke yake. Huondoa na shaba pia. Hufuta alama, hukwaruza, na shingo ya ganda, iliyo nyembamba, huzidi kuwa nyembamba. Tena chembe ya mchanga ikibaki ndani hukwaruza kila kitakachoigusa. Kwa ganda la kujazwa njia hii haifai kabisa, na kwa kitu cha kale ni uharibifu.

Njia ya nne ni kuzungusha. Maganda hutiwa katika pipa dogo lizungukalo, au chombo kitikisikacho, pamoja na kitu kikavu kisicho kigumu kuliko shaba. Mtashangaa kusikia kitu kitumiwacho na watu wengi wa Marekani: ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa! Magunzi yale yale tunayoyatupa hapa Mkata baada ya kupukuchua, au kuyatia jikoni, huko husagwa na kuuzwa katika mifuko. Wengine hutumia maganda ya kokwa yaliyosagwa. Kazi huchukua saa kadhaa, nayo hung'arisha vizuri sana bila ya kuila shaba. Ila ndani ya ganda na katika kitundu cha fataki masizi hubaki.

Lakini njia hii ina adui aliyejificha, naye ni vumbi. Fataki nyingi zina madini ya risasi, yale mazito yaliyoipa risasi jina lake. Fataki ilipukapo, sehemu ya madini hayo hubaki katika masizi. Na magunzi yakisugua masizi, vumbi lake hupanda hewani. Madini ya risasi ni sumu. Yakiingia mwilini hukaa, na yawadhuru watoto kuliko watu wazima, kwa kuwa huharibu akili ingali inakua. Kwa hiyo chombo kifunikwe, kazi ifanywe nje mbali na jiko na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Magunzi yaliyokwisha tumika kwa kazi hii yasipewe mifugo wala yasichomwe jikoni.

Njia ya tano ni kuzungusha ndani ya maji, pamoja na sabuni, uchungu kidogo, na vijiti vidogo sana vya chuma kisichoshika kutu. Vijiti huingia kila mahali, ganda likasafika nje na ndani kama jipya, na vumbi halipandi kwa sababu limeshikwa na maji. Hasara yake ni tatu: vyombo vyake ni ghali; maganda yakizungushwa mno midomo yake hugongana ikapondeka; na lazima yakaushwe kabisa. Nayo maji machafu yana sumu ile ile, yasimwagwe penye kisima.

Njia ya sita ni ya mashine itumiayo sauti ya juu mno, isiyosikika kwa sikio la mwanadamu. Sauti hiyo hufanya mapovu madogo katika maji, na mapovu yakipasuka huchomoa uchafu hata ndani ya vitundu. Ganda hutoka safi, lakini halina mng'ao. Watu wengine huona hiyo ni hasara. Kwangu mimi ni ushahidi wa kutosha kwamba safi na kung'aa si kitu kimoja.

Yamebaki mambo mawili ya kukatazwa. La kwanza ni kukausha shaba kwa moto. Moto mkali hulainisha shaba ya manjano, na ganda ambalo kitako chake kimelainika haliwezi tena kuzuia nguvu ya baruti. Jua latosha.

La pili ni amonia, ile dawa yenye harufu kali ipandayo puani, ambayo hutiwa katika baadhi ya dawa za kung'arisha. Hung'arisha kwa haraka, nayo ni adui mkubwa wa shaba ya manjano. Zamani jeshi la Waingereza huko Bara Hindi liliweka risasi zake katika mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika. Masika yalipokwisha, maganda mengi yalionekana yamepasuka, wala hapana aliyeyapiga. Hata mwaka 1921 ndipo wataalamu wa Uingereza walipoeleza sababu yake: mkojo wa farasi hutoa amonia, na amonia huingia katika shaba iliyokazwa kiwandani, ikaipasua. Basi msiweke chombo cha shaba karibu na zizi la mbuzi au choo, hata kama mmekisafisha vizuri namna gani.

Tukizilinganisha njia zote, twaona hivi. Kwa mwenye leseni ajazaye maganda yake katika nchi iruhusuyo, maji na vijiti vya chuma hushinda kwa usafi na kwa kuzuia vumbi, na magunzi hushinda kwa upole na wepesi wa bei. Kwa mama mwenye sinia na dele, yatosha sabuni, kisha ukwaju au ndimu kwa dakika chache, kisha maji mengi. Kwa kitu cha kale, kama ganda la mwanafunzi wangu, dawa ni maji, sabuni na kitambaa laini, basi. Kutu yake ni sehemu ya habari zake.

Na kwa njia zote, kazi ya kusafisha haiishi katika kung'aa. Huishia katika kutazama. Uchafu huondolewa ili jicho lipate kuona ufa. Ganda lenye ufa, hata likimeta kama dhahabu, ni la kutupwa.

Neno la mwisho nawaambia hasa vijana. Yote niliyoyasema ni ya ganda tupu. Mkiona shambani risasi nzima, au kitu chochote cha vita msichokijua, msikiokote, msikisugue, msikigonge, msikitie motoni. Wekeni alama kando yake, mwambieni mzee au mwalimu, naye apeleke habari polisi. Risasi za Manza zilionekana nzima nazo zimekufa. Iliyo shambani kwenu yaweza kuonekana imekufa nayo ni hai.

Yule mwanafunzi bado analo ganda lake. Huwaonyesha wenziwe rangi ile nyekundu, akawaambia, "Hili ndilo kosa la mwalimu." Sikumkataza, maana wenziwe wakilitazama hujifunza.

Kwaherini.