Sanaa ya kisasa: Ufanye nini usipoielewa picha?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAKAZI wengi wa Jiji la Dar es Salaam hupita mara kwa mara mbele ya maduka ya wachoraji wa Tingatinga katika eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, bila kusimama. Wengi huamini kwamba mahali pale ni pa watalii, na kwamba mwenyeji akiingia bila fedha mfukoni atakuwa anasumbua wenye kazi zao.

Wachache wanaothubutu kuingia katika kumbi za sanaa ya kisasa hukutana na kikwazo cha pili. Husimama mbele ya sanamu iliyoungwa kwa vyuma chakavu, au mbele ya kitambaa kilichojaa rangi kisichokuwa na mtu wala mnyama. Hutafuta maana kwa dakika moja, wakaikosa, kisha huondoka wakidhani kwamba elimu yao haitoshi.

Dhana hiyo si sahihi, na gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Ya leo mageni, kesho ya asili

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nyingi ya kazi tunazoziita leo sanaa ya asili zilikuwa ngeni kabisa zilipoanza.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam karibu mwaka 1968. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, zile ambazo mtu angepaka baiskeli. Hakupitia chuo cha sanaa. Aliuza picha zake nje ya Morogoro Stores hadi alipouawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo, ambao leo unabeba jina lake duniani kote.

Vinyago vya mtindo wa shetani navyo havikutoka kwa mababu wa kale. Vilizuka mwishoni mwa miaka ya 1950 miongoni mwa wachongaji wa Kimakonde waliokuwa wamehamia Tanganyika kutoka Msumbiji, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa. Viumbe wenye jicho moja na miguu iliyopinda viliwashangaza watu wa wakati ule kama vyuma chakavu vinavyowashangaza watu wa leo.

Kwa hiyo, anayesema kwamba sanaa ya kisasa si yetu anasahau kwamba kila kizazi kimekuwa na ya kwake.

Namna ya kutazama

Kosa la kawaida ni kuichukulia picha kama kitendawili, yaani fumbo lenye jibu moja analolijua msanii peke yake. Ni afadhali kuichukulia kama methali. Maneno ya methali hayabadiliki, bali uzito wake hutegemea anayeisikia na hali aliyomo.

Anza na macho kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Jiulize unaona nini hasa: rangi zipi, mistari inaelekea wapi, jicho lako limevutwa wapi kwanza na limekataa kwenda wapi. Jipe dakika tano kwa kazi moja badala ya kupitia kazi 30 kwa muda huo huo.

Pili, tazama kazi imetengenezwa kwa kitu gani. Msanii anayetumia magunia, chupa za plastiki au mabati yenye kutu amechagua kitu ambacho tayari kimeishi na watu, na uchaguzi huo ni sehemu ya usemi wake.

Tatu, badili mahali pa kusimama. Kinyago cha mtindo wa ujamaa, ambacho huonyesha watu waliobebana katika gogo moja la mpingo, hakisomeki kwa kukitazama upande mmoja. Ni lazima ukizunguke, uanze na aliye chini anayewabeba wenzake wote.

Baada ya hapo soma jina la msanii, mwaka na maelezo, kisha uulize. Katika kituo cha Nafasi Art Space, kilichoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, wasanii wamekuwa wakifanya kazi katika karakana zilizotengenezwa kwa makontena. Mahali kama hapo mgeni anaweza kumwona msanii akiwa kazini na kumuuliza swali lake bila kupitia kwa mtu mwingine.

Aidha, kutoipenda kazi ni haki ya mtazamaji. Kinachotakiwa ni kujua sababu. Anayesema kwamba picha fulani imemuudhi kwa kuwa inamwonyesha mama kama mzigo ameitazama picha hiyo vizuri kuliko anayesema ni nzuri na kupita.

Kinachopotea

Mwenyeji asipotazama, mwingine hutazama kwa niaba yake, na pengine huichukua kazi yenyewe. Mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, Marekani. Ni heshima kubwa kwa mchoraji huyo mzaliwa wa Kilimanjaro, ila mtoto wa Machame anayetaka kuuona kwa macho yake hana budi kuvuka bahari.

George Lilanga, aliyefariki dunia mwaka 2005, alijengea jina lake katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa jijini mwaka 1972. Kazi zake zimeingia katika hifadhi za wakusanyaji wa Ulaya. Jengo la Nyumba ya Sanaa lenyewe, lililokuwa katikati ya jiji, halipo tena.

Hakuna sheria inayoweza kuzuia hali hiyo endapo wananchi wenyewe hawaoni kilichopotea. Ukumbi usio na watu ni rahisi kuufunga, na msanii asiye na mtazamaji nyumbani atachora kile ambacho mnunuzi wa mbali anakitarajia: simba, Mlima Kilimanjaro na Mmasai mwenye mkuki.

Si lazima kila anayeingia anunue. Mzazi anayempeleka mwanawe kutazama picha tatu Jumamosi mchana, wakabishana njiani kuhusu walichokiona, amekwisha kuifanya kazi ile kuwa ya hapa.