Moshi wa Mjini ni Dhara, na Dhara Huondolewa

Sisi tulio Mazingara, katika Wilaya ya Handeni, tungali tunavuta hewa safi. Moshi tuujuao ni wa jikoni na wa tanuri la mkaa. Lakini ni nyumba ngapi huku zisizo na kijana Dar es Salaam? Yuko Ubungo anapiga debe, yuko kiwandani kandokando ya Barabara ya Nyerere, au amepanga chumba kimoja karibu na barabara kuu, yeye na mkewe na kichanga chao. Akija nyumbani anakohoa, nasi twasema ni mafua ya safari.

Wazazi yafaa wajue kinachovutwa huko. Moshi mweusi wa dizeli hubeba masizi yenye chembe ndogo mno, zisizozidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo takriban mara 30. Pua haiwezi kuizuia. Huteremka hadi ndani ya mapafu, na nyingine hupenya katika damu zikaudhuru moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo hadi 5. Shirika hilo lakadiria kuwa uchafu wa hewa, wa nje na wa majumbani, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka kabla ya umri wao. (Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, naam, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kumtilia mwenzake sumu.)

Wapo wasemao kuwa hayo ndiyo maendeleo. Kauli hiyo hatuikubali. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa, na ulipoingia mwaka 2006 zilikuwa zimekwisha kuiacha, Tanzania ikiwamo. Algeria ikawa ya mwisho duniani, Julai 2021. Magari yangali yanakwenda! Vivyo hivyo, gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kiliacha mafuta mazito kikatumia gesi. Na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni.

Sheria nazo zipo: ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa za 2007. Lakini dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoa moshi.

Mafakihi hawakuliacha jambo hili. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14 ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kukagua majengo yenye ugomvi, aliandika juu ya madhara ya majirani, moshi ukiwamo. Moshi wa jikoni, ambao mtu hana budi nao, ulivumiliwa. Wa hamamu na wa tanuri la biashara ulizuiwa, kwa kuwa mmoja anachuma na wengine wanakohoa. Tuonavyo sisi, lori na kiwanda vimo katika fungu hilo la pili.

Nasi wa huku tusijitoe. Malori na mabasi yapitayo Mkata na Kabuku kwenda Segera na Korogwe, mengine ni ya jamaa zetu. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua: filta ya hewa imeziba, nozeli zimekwisha, au mzigo umezidi. Mwenye gari anayalipia mafuta hayo, kisha anayapuliza usoni mwa watoto wanaokwenda chuoni. Fundi wa pampu yupo, na kazi yake si ya siku nyingi. Na dereva asubiriye abiria nje ya msikiti siku ya Ijumaa, azime injini.