Chumvi Inayojificha

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Zamani, kabla ya maduka kufika nyanda hizi za Uasin Gishu, wachungaji wa Kikalenjin waliwapeleka ng'ombe mahali penye udongo wa chumvi. Ng'ombe aliramba, akatosheka, akageuka kurudi malishoni. Hakuna aliyemwambia basi. Ulimi wake ulijua chumvi iko wapi, na ulijua wakati wa kuacha.

Chumvi tunayokula Eldoret leo imetoka mbali. Nyingi huvunwa Gongoni, upande wa Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana na kuachwa juani hadi yakauke. Kiwandani hutiwa iodini, kama sheria inavyotaka, ili watu wasiote rovu shingoni. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba chumvi ni adui. Bila chumvi hata misuli yenu isingefanya kazi.

Shida ni kwamba ng'ombe aliiona chumvi yake. Yenu imejificha.

Iko ndani ya smoki na soseji mnazonunua kando ya barabara. Iko kwenye krispi. Kwenye tambi za paketi imejilaza ndani ya kile kipakiti kidogo cha viungo. Hata mkate wa asubuhi unayo, ingawa ulimi hauisikii, na mkate huliwa kila siku. Viwanda vinaipenda kwa sababu ni rahisi, huzuia nyama kuoza na hukipa ladha chakula kisicho na ladha.

Sasa sikilizeni inavyofanya mwilini. Ndani ya chumvi mna sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Ikizidi, maji huongezeka kwenye damu, mishipa ikajaa kama mpira wa kumwagilia bustani bomba likifunguliwa lote. Moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na miaka ikipita mtu hupata presha. Presha haipigi kelele. Wengine huijua tayari wamelazwa hospitalini kwa kiharusi.

Nasikia mmoja wenu akiniuliza mimi, bibi yenu: "Lakini Kogo, wakimbiaji wetu je? Jasho lao likikauka huacha weupe usoni!" Swali zuri hilo. Weupe ule ni chumvi kweli, na aliyekimbia kilomita 42 anahitaji kuirudisha. Wewe umekimbia kutoka darasani hadi kioski.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na ile iliyojificha. Mtoto apate chini ya hapo. Paketi nyingi hazisemi chumvi, husema sodiamu, kwa hiyo zidisha kwa 2.5. Krispi zenye miligramu 800 za sodiamu katika kila gramu 100 zina gramu 2 za chumvi. Hesabu ya shule imepata kazi!

Je, viwanda vinaweza kupunguza? Vinaweza. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilitunga kanuni za kuweka kikomo cha sodiamu kwenye mkate, krispi, soseji, supu za unga na vyakula vingine, na kuanzia mwaka 2016 viwanda vikatakiwa kuzitii. Watu hawakuacha kula mkate. Ulimi huzoea: chumvi ikipunguzwa kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa chakula kile cha zamani ndicho kinachokuwa na chumvi mno. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya haki, kwa sababu mtoto mwenye shilingi ishirini mkononi hawezi kuchomoa chumvi iliyokwisha kuokwa ndani ya mkate.

Ila kuna jambo moja mnaloliweza. Kesho mkienda dukani, chukueni paketi mbili za krispi, mzigeuze nyuma, mlinganishe sodiamu ya gramu 100. Ile yenye namba kubwa irudisheni rafuni, kisha mje mniambie ilikuwa ngapi.