Ramani ya Simu Haioni Tope

Msafiri anayetoka Pasua kwenda mazikoni Machame siku hizi huiuliza simu njia kabla hajamuuliza mwenyeji. Manufaa yake hayakanushiki. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti, angalau nne, ikakokotoa mahali ilipo. Na aliyepakua ramani mapema huongozwa hata pasipo na intaneti. Mgeni hapotei, wala maziko hayacheleweshwi kwa kumngoja.

Lakini ramani haijui kila kitu. Katika miteremko ya Kilimanjaro, mito kama Weruweru na Kikafu imechimba mabonde marefu. Vijiji viwili huonekana jirani, kumbe kati yao pana korongo. Tena simu huweza kuchagua njia fupi ya udongo, ambayo mvua za masika, Machi hadi Mei, huigeuza utelezi mtupu. Ufupi wa njia si wepesi wake.

Hatari kubwa zaidi imo mkononi mwa dereva. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukwenda takriban mita 50 katika sekunde 3. Anayeikodolea simu macho kwa muda huo ameendesha nusu ya uwanja wa mpira bila kuona mbele, na watoto wake wamo garini.

Basi njia na ipangwe kabla ya kuwasha gari. Simu aishike abiria, au isikilizwe sauti yake bila kuguswa. Kabla ya kupanda mlimani, mwenyeji apigiwe, aulizwe kama njia inapitika. Roho za abiria ni amana, na atakayeulizwa juu yake ni dereva, si simu.