Rangi Isiyokula Ndege ya Povu

Plastiki nyeupe na nyepesi inayokinga televisheni au friji ndani ya boksi lake kwa kawaida hutupwa jalalani. Hata hivyo, mwanafunzi mwenye kisu kikali na gundi nyeupe ya mbao aweza kuikata akaunda bawa la ndege ya mfano. Baada ya kazi ya siku kadhaa, bawa hupakwa rangi iliyobaki katika kopo la kupakia mlango. Kabla rangi haijakauka, bawa limebonyea, limetoboka, na pengine limegeuka uji unaonata. Watu wengi hudhani kuwa rangi hiyo ilikuwa mbovu. Sivyo. Rangi ilikuwa nzima, ila haikufaa kwa kitu kilichopakwa.

Povu ni nini?

Plastiki hiyo huitwa polistaireni. Iligunduliwa mwaka 1839 na mfamasia Eduard Simon wa Berlin, lakini umbo lake la ndani halikueleweka mpaka mwanakemia Hermann Staudinger alipoeleza, kuanzia mwaka 1920, kwamba vitu vya namna hii ni minyororo mirefu ya molekuli. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Kiwandani polistaireni hufurishwa kwa gesi na mvuke, ikawa povu ambalo kiasi cha asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Kuta za vijumba vya hewa hiyo ni nyembamba mno.

Sehemu tatu za rangi

Sehemu ya kwanza ya rangi ni unga unaoipa wekundu, weupe au weusi wake. Wekundu wa michoro ya kale miambani Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, unatokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Oksidi hiyo hutumika hata leo katika rangi nyekundu za madukani, nayo haiyeyushi povu. Sehemu ya pili ni kitu kinachoushikiza unga. Sehemu ya tatu ni kimiminika kinachoifanya rangi ipakike, kisha kikapotea hewani. Hapa ndipo penye hatari.

Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini au thina, na thina mara nyingi huwa na toluini au asetoni. Molekuli ya toluini ina duara la kaboni sita, na minyororo ya polistaireni ina maduara kama hayo ubavuni. Vitu vinavyofanana huyeyushana. Toluini hupenya baina ya minyororo na kuitenganisha. Kuta hulegea, hewa hutoka, na bawa hunywea. Petroli nayo hufanya hivyo, na vivyo hivyo rangi nyingi za kupuliza. Maji hayana mfanano huo. Kwa hiyo rangi ya maji, ile ya kupakia kuta za nyumba, hailidhuru povu.

Uzito na jua la Dodoma

Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndege yenye uzito ule ule yapasa kwenda kasi zaidi ili ibebwe na hewa hiyo. Bawa la urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 20 lina eneo la mita za mraba 0.4, juu na chini. Ikiwa tabaka moja lililokauka lina gramu 70 kwa kila mita ya mraba, bawa litaongezewa gramu 28. Matabaka mawili ni gramu 56, karibu sehemu moja ya tano ya ndege yenye gramu 300. Basi tabaka moja jembamba latosha.

Aidha, rangi nyeusi hufyonza joto la jua. Polistaireni hulainika karibu na nyuzi 100 za sentigredi, na povu jembamba laweza kupinda kabla ya hapo. Rangi nyeupe au ya njano yafaa zaidi.

Jaribio la darasani

Mwalimu akate vipande vitatu vya povu. Nje ya darasa, mbali na moto, cha kwanza kidondoshewe maji, cha pili rangi ya maji, na cha tatu asetoni kidogo ya kuondolea rangi ya kucha. Wanafunzi waandike wanachokiona. Kipande chenye rangi kipimwe uzito kabla ya kupakwa, na tena kesho yake kikishakauka.

Mvuke wa thina usivutwe, maana huumiza kichwa na kudhuru mishipa ya fahamu. Baadhi ya rangi za mafuta huwa na risasi, sumu ambayo kiwango chake kisicho na madhara kwa mtoto hakijulikani. Kwa hiyo rangi kuukuu isipigwe msasa darasani. Mabaki ya povu nayo yasichomwe, kwani moshi wake ni wa sumu.

Kopo lolote jipya lijaribiwe kwanza juu ya kipande cha kutupwa. Kikiharibika hicho, hasara ni ndogo. Likiharibika bawa, kazi ya siku nyingi imepotea.